Kyela hadi Mbeya kwa siku moja: uchambuzi wa kisa cha safari ya baiskeli iliyokatizwa karibu na Isyonje

## Kisa chenyewe na namna kilivyoandikwa

Kisa hiki kinahusu wapanda baiskeli wanne waliotoka mjini Kyela asubuhi moja ya mwezi wa Juni wakikusudia kulala Mbeya siku hiyohiyo. Waliingia Mbeya usiku wakiwa wamepakiwa kwenye kirikuu, gari dogo la mizigo, pamoja na baiskeli zao, mmoja akiwa amenusurika kuzidiwa na baridi na mwingine kifundo cha mkono kikiwa kimevimba. Hakuna aliyepoteza maisha, na pengine ndiyo sababu visa vya namna hii husimuliwa kwa siku chache kisha vikasahaulika. Naona vinastahili kuandikwa hata kuliko ajali kubwa, kwa kuwa wahusika wapo, wanakumbuka, na wanaweza kueleza kwa nini waliamua walivyoamua.

Baada ya safari, wanne hao waliomba tukae pamoja tuipitie siku yao saa kwa saa. Nyakati zinazotajwa humu zimetokana na ujumbe wa simu, picha walizopiga njiani na kifaa cha kupimia mwendo kilichokuwa kwenye usukani wa baiskeli ya kiongozi wao. Majina, mwaka, mitaa wanayoishi na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa. Nitawaita Kiongozi, Mwalimu, Seremala na Mgeni. Watatu wa kwanza ni wakazi wa Mbeya waliozoea kuendesha baiskeli kila mwisho wa juma. Mwalimu ni mwanamke, wengine ni wanaume. Mgeni alitoka Dar es Salaam, kijana mwenye nguvu aliyezoea mwendo mrefu katika barabara tambarare za pwani.

## Njia na hali yake

Barabara ya lami inayounganisha Uyole na Kasumulu, mpakani na Malawi, kwa anayetokea kusini, huanzia katika bonde la Kyela karibu na Ziwa Nyasa, kwenye kimo cha takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya joto, mpunga na kakao. Kutoka hapo inapanda hadi Tukuyu, mita 1,500 hivi, katikati ya migomba na mashamba ya chai, inapita Kiwira, kisha inapanda tena katika ukanda wa Isongole hadi njia panda ya Isyonje, inakoanzia barabara ya kwenda Kitulo na Makete. Kimo cha hapo kimeshapita mita 2,000. Baada ya hapo inateremka Igawilo na Uyole hadi jijini Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi. Kutoka Kyela mjini hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 125.

Takwimu hizo haziisemi njia yote. Barabara haipandi kwa mkupuo mmoja, bali hushuka kwenye mabonde ya mito na kupanda tena, kwa hiyo jumla ya kupanda inazidi sana tofauti ya vimo vya mwanzo na kileleni. Hali ya hewa nayo haifuati kalenda ya Mbeya mjini. Eneo la Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe wenye kimo kinachokaribia mita 3,000, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na hata mwezi wa Juni, Mbeya inapokuwa kavu na baridi, mteremko wa Rungwe unaweza kushinda ndani ya ukungu na manyunyu. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, maana yake mtu anayeiacha Kyela ikiwa na nyuzi 28 ategemee nyuzi 18 au 19 juu kule kwa saa ileile, kabla ya kuhesabu mvua, upepo na jioni.

Jambo jingine ni mwanga. Mwezi wa Juni jua la Mbeya huchomoza karibu na saa moja kamili asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Msafiri ana saa kumi na moja na nusu za mwanga, na katika ukungu chini ya hizo.

## Siku zilizotangulia na maamuzi ya Kyela

Kundi lilikuwa limeshuka kutoka Mbeya kwa siku mbili, likalala Tukuyu usiku wa kwanza na Matema, kando ya Ziwa Nyasa, usiku wa pili. Siku ya tatu walipumzika ufukweni hadi mchana, kisha wakaja Kyela mjini kupitia Ipinda. Kurudi kulipangiwa siku moja kwa sababu Kiongozi na Mwalimu walitakiwa kazini asubuhi iliyofuata. Kwa maneno mengine, njia waliyoishuka kwa siku mbili waliamua kuipanda kwa siku moja, wakiwa na mizigo ileile ya kilo 10 hadi 12 kwenye kariya. Nilipoisema sentensi hiyo mbele yao, wote wanne walikiri kwamba hakuna aliyeitamka hivyo jioni ile.

Jioni hiyo yalifanyika maamuzi matatu. La kwanza ni la ratiba. Kiongozi alichukua wastani wa mwendo uliosomwa na kifaa chake kwa siku zile mbili, kilomita 18 kwa saa, akagawa kilomita 125 kwa wastani huo, akapata saa saba. Akaongeza saa mbili za kupumzika na kula. Wakiondoka saa moja asubuhi, wangefika saa kumi alasiri, mchana ungalipo. Hesabu ilikuwa safi na wenzake waliikubali.

La pili lilihusu mizigo. Mgeni, aliyekuwa ameshinda siku mbili katika joto la ziwani, alifungasha sweta na koti lake la mvua pamoja na nguo nyingine, akakabidhi mfuko huo kwa basi uende kumsubiri Mbeya. Alitaka kupunguza uzito kwa ajili ya mlima, na wazo la kupunguza uzito ni zuri. Alichokosea ni kuchagua kitu cha kupunguza.

La tatu alilifanya Seremala peke yake. Alikuwa ameona kwamba raba za breki ya mbele zimeisha kiasi cha mifereji yake kutoonekana tena, kwa sababu mteremko wa Tukuyu hadi Kyela ulizisaga. Kyela ni nchi ya baiskeli, mafundi wamejaa, na jozi ya raba haigharimu fedha ya kuumiza kichwa. Hata hivyo alijiambia kwamba kesho ni siku ya kupanda, breki hazitakuwa na kazi kubwa, na kwamba atazibadilisha akifika nyumbani.

## Mtiririko wa siku

Waliondoka saa moja na dakika 40, kwa kuwa tairi moja lilikutwa na pancha asubuhi. Bonde la Kyela liliwapokea vizuri: kilomita 20 za kwanza waliziendesha kwa saa moja na dakika chache, na Mwalimu anakumbuka kwamba Mgeni alikuwa mbele akiwataka wenzake waongeze mwendo. Milima ilipoanza, mwendo ulishuka hadi chini ya kilomita 10 kwa saa. Jua lilikuwa kali na hewa nzito. Baiskeli ya Mgeni ilikuwa na gia zinazofaa tambarare, hata iliyo nyepesi kuliko zote ilikuwa nzito kwa vilima vile, kwa hiyo alilazimika kusimama juu ya pedeli mara kwa mara au kushuka na kusukuma. Waliingia Tukuyu saa sita na nusu mchana.

Walikula kwa mama lishe. Mgeni alikula vijiko vichache vya wali akasema tumbo halitaki, akanywa maji mengi. Hapo ndipo Mwalimu alipouliza kwa mara ya kwanza kama wasilale Tukuyu na kupanda gari alfajiri. Kiongozi alijibu, kwa maneno wanayoyakumbuka wote, "Dada, mlima mkubwa tumeshaumaliza. Hapa ni kupanda kidogo na kushuka." Alikadiria kilomita 16 kwa saa kwa kilomita 70 zilizobaki. Wakaondoka saa nane kasoro dakika 10.

Kiwira walifika saa tisa na dakika tano, ukungu ukiwa umeshuka na manyunyu yameanza. Walisimama zaidi ya nusu saa. Mwalimu alirudia hoja yake, safari hii kwa mkazo, akataja kwamba Kiwira kuna gesti na magari ya kwenda Mbeya hayakosekani. Seremala hakuwa na upande. Mgeni, ambaye hali yake ndiyo iliyopaswa kuamua, alisema yuko sawa. Walifikia mapatano: waendelee, lakini kama hawatakuwa wamefika Isyonje saa kumi na moja na nusu, watapakia baiskeli kwenye gari. Waliondoka saa kumi kasoro dakika 20.

Kupanda kutoka Kiwira kuliwagawa. Kiongozi na Seremala walitangulia, na kila mmoja alijisemea kwamba atawasubiri wenzake juu. Mwalimu alibaki na Mgeni. Fulana ya pamba ya Mgeni ilikuwa imelowa kwa jasho tangu Tukuyu, sasa ikalowa kwa mvua. Karibu saa kumi na moja kamili Mwalimu aliona mambo matatu kwa mfuatano: Mgeni aliacha kujibu maswali kwa sentensi kamili, alijaribu kufungua pakiti ya biskuti akashindwa kuishika vizuri, na baiskeli yake ikaanza kuyumba upande wa barabara wanakopita malori. Alimwamuru ashuke. Walikuwa karibu na kibanda cha mama mmoja anayeuza chai na viazi. Mwenye kibanda alimtazama Mgeni akasema, "Mwanangu, huyu haendi popote leo. Mlete huku motoni."

Saa kumi na moja na dakika 10 Mwalimu alimtumia Kiongozi ujumbe. Simu ya Kiongozi ilikuwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki katikati ya mzigo, isilowe.

Kiongozi na Seremala walifika Isyonje saa kumi na moja na dakika 25, wakajihesabu kuwa wametimiza sharti. Walisubiri wamesimama kwenye upepo, nguo zimelowa, mpaka saa kumi na mbili, Kiongozi alipofungua mzigo kutafuta koti na kuuona ujumbe. Alikodi kirikuu iliyokuwa imeshusha viazi, akaacha baiskeli yake dukani, akarudi chini kuwafuata wawili waliokuwa kama kilomita saba nyuma. Seremala, aliyekuwa ameanza kutetemeka, aliambiwa ashuke taratibu kuelekea Igawilo, watamkuta njiani. Hakuwa na taa, ila reflekta tu.

Alishuka kilomita chache. Kwenye kona moja alikuta lori likitambaa mbele yake kwa gia ndogo, akakamata breki, rimu zilizolowa hazikushika, akaona atagonga nyuma ya lori na akaielekeza baiskeli mtaroni. Aliangukia mkono. Aliinuka, akaamua kutopanda tena baiskeli hiyo, akaendelea kwa miguu akiisukuma upande wa kulia ili aone magari yanayomjia. Walimkuta huko kiasi cha saa moja na nusu usiku. Waliingia Mbeya saa mbili na nusu.

## Matokeo

Mgeni alikuwa anaongea vizuri kabla hata hawajaondoka kibandani, na asubuhi aliamka na uchovu tu. Seremala alikutwa na ufa kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, akafungwa plasta ngumu na kukaa wiki kadhaa bila kushika randa, hasara ambayo kwa mtu anayeishi kwa mikono yake si ndogo. Kiongozi na Mwalimu walifika kazini.

## Uchambuzi: hesabu iliyofanywa bondeni

Maamuzi yale matatu ya Kyela yanaonekana kuwa mambo tofauti, moja la ratiba, moja la nguo na moja la breki. Kwangu mimi ni kosa moja. Kila moja lilipimwa kwa hali iliyokuwapo mahali lilipofanyiwa. Kyela ni joto, kwa hiyo sweta ni mzigo. Kesho tunapanda, kwa hiyo breki zinaweza kungoja. Kifaa kinasoma 18, kwa hiyo tutakwenda 18. Kila kauli ilikuwa kweli pale ilipotamkwa, na hakuna iliyokuwa kweli Isyonje saa kumi na moja na nusu jioni. Anayepanga siku ya milimani hana budi kuipanga akijiweka pale ambapo siku itakuwa mbaya kuliko kote: mahali pa juu, saa ya mwisho, nguo zimelowa.

Ratiba inahitaji maelezo zaidi kwa sababu ndiyo iliyozaa mengine. Mwendo wa kilomita 18 kwa saa ulipatikana kwa kushuka. Kutumia wastani wa mteremko kupangia mpando ni kosa ambalo mtu yeyote angelikataa akiulizwa waziwazi, lakini kifaa hakiulizi. Kinaonyesha namba na namba inaaminika. Kipimo kinachofaa nchi kama hii ni kimo. Mpanda wa kawaida mwenye mzigo, akienda mwendo anaoweza kuudumisha siku nzima, hupanda mita 300 hadi 400 za kimo kwa saa, na hicho ndicho ninachokitumia ninapopanga. Kutoka Kyela hadi Tukuyu ni mita 1,000 bila kuhesabu mabonde, yaani saa tatu au zaidi za kupanda juu ya saa moja ya bondeni. Kundi lilitumia saa tatu na dakika 45 kwa sehemu ya mlima. Hawakuwa wazito wala wavivu. Walikwenda kama inavyotarajiwa. Tatizo lilikuwa matarajio.

Mezani Tukuyu walikuwa na kila kitu cha kuisahihisha hesabu hiyo. Kilomita 55 ziliwachukua saa nne na dakika 50. Kwa mwendo huohuo, kilomita 70 zilizobaki zingechukua zaidi ya saa sita, na mtu anayeondoka Tukuyu saa nane kasoro angefika Mbeya saa mbili usiku. Hakuna aliyegawa. Kiongozi alikuwa ameijua njia kwa kuishuka siku tatu tu kabla, na kumbukumbu ya mtu aliyeshuka huihifadhi Isongole kama mahali pa kupumzisha miguu na kufurahia hewa baridi. Simlaumu kwa kukumbuka hivyo. Ninachokilaumu ni kwamba namba za asubuhi ileile, zilizokuwa mbele yake kwenye usukani, zilishindwa na kumbukumbu.

## Muda wa mwisho uliowekwa mahali pasipofaa

Mapatano ya Kiwira yana sura ya busara, na kundi lilipoanza kusimulia liliyataja kama jambo walilolifanya vizuri. Kuwa na muda wa mwisho ni jambo jema. Makundi mengi hayana kabisa. Lakini muda wa mwisho una kazi moja, nayo ni kukusimamisha ukiwa bado unaweza kusimama kwa urahisi. Wao waliuweka Isyonje, mwisho wa mpando, mahali penye baridi kuliko kote njiani, saa moja kabla ya giza. Mtu anayefika pale akakuta ameshindwa, ameshindwa mahali pabaya kuliko pote pa kushindwa. Na anayefika akakuta amefaulu kwa dakika tano, kama walivyofika wale wawili, bado ana mteremko wa kilomita zaidi ya 20 kabla ya Uyole akiwa amelowa na jua linazama.

Muda wa mwisho wa siku ile ulipaswa kuwekwa Kiwira. Ndipo mahali pa mwisho penye vitanda, chakula na magari kabla ya mpando wa mwisho. Kutoka Kiwira hadi Isyonje ni saa mbili au mbili na nusu za kupanda, kisha saa moja na nusu ya kushuka kwa uangalifu hadi Uyole, na kutoka Uyole hadi mjini ni kama nusu saa nyingine. Ukirudi nyuma kutoka machweo na kuweka akiba ya saa moja kwa ajili ya pancha au mvua, Kiwira inapaswa kuachwa kabla ya saa saba na nusu mchana. Wao walikuwa bado mezani Tukuyu saa hiyo. Kwa hesabu hii swali la kuendelea au kutoendelea lilikuwa limeshajibiwa kabla hawajaliuliza, na ubishi wa Kiwira, ambao uliwaacha na kinyongo kidogo kati ya Mwalimu na Kiongozi, usingekuwapo.

Kuna jambo la kibinadamu hapa ambalo sitaki lipite. Mwalimu alitoa hoja mara mbili na mara mbili ikageuzwa kuwa suala la moyo wa kuendelea, kana kwamba anayetaka kulala Kiwira ana miguu dhaifu. Na Mgeni, akiwa ugenini kati ya watu waliomkaribisha, hakuweza kusema amechoka. Adabu yetu ya mgeni ni nzuri nyumbani, barabarani inabidi mwenyeji asiulize "Uko sawa?" kwa maana jibu linajulikana. Amtazame anavyokula, anavyopanda na kushuka kwenye baiskeli, na aamue kwa niaba yake.

## Kilichofanyika kibandani

Hii ndiyo sehemu ya siku inayostahili kuigwa hatua kwa hatua. Dalili alizoziona Mwalimu, maneno kupungua, vidole kukosa ustadi na baiskeli kuyumba, ni za mwili unaoanza kupoa kupita kiasi, hali ambayo kitaalamu huhesabiwa joto la ndani ya mwili linapoteremka chini ya nyuzi 35. Hawakuwa na kipimo na hakikuhitajika. Hakusubiri dalili ya nne, na hakumwuliza Mgeni kama anataka kusimama.

Alimvua fulana iliyolowa kwanza, kabla ya kumkaribisha motoni. Watu wengi hukimbilia moto na kumwacha mtu na nguo mbichi, na nguo hizo zinaendelea kumnyang'anya joto. Mama mwenye kibanda alitoa blanketi na kitenge, wakamfunika kichwa na kifua, wakamkalisha juu ya gunia badala ya sakafu tupu. Kisha wakampa chai ya moto yenye sukari nyingi, kidogo kidogo, baada ya kuhakikisha anameza vizuri, na baadaye viazi. Kijana mmoja pale alijitolea pombe kali "imchemshe damu". Mwalimu alikataa kwa upole, na alikuwa sahihi: pombe hupanua mishipa ya ngozi, mtu akasikia joto usoni huku mwili ukizidi kupoteza joto la ndani.

Sukari ile ilikuwa na kazi zaidi ya kumfariji. Mgeni alikuwa amekula kidogo sana tangu asubuhi, na misuli iliyoishiwa wanga haizalishi nguvu wala joto la kutosha. Kwa kazi ya saa nyingi, mpanda anahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 25. Inanisikitisha kwamba kijana aliishiwa chakula mwilini akipita Rungwe, ambako ndizi zimepangwa kando ya barabara kila baada ya kilomita chache, na ambako mbili kila saa zingemfikisha Kiwira akiwa mtu mwingine. Tumbo lililokataa wali mchana kwa sababu ya joto mara nyingi hulikubali ndizi.

## Kugawanyika na breki

Kundi lilipogawanyika, simu moja iliyofungwa mzigoni ilitosha kuchelewesha msaada kwa dakika 50. Katika mpando wenye ukungu, walio mbele wanapaswa kusimama kila kilomita chache mpaka wamwone wa mwisho, na simu ya kila mtu ikae mfukoni ndani ya plastiki, mahali inaposikika.

Uamuzi wa kumwacha Seremala ashuke peke yake ulikuwa na hoja: alikuwa anapoa kwa kusimama. Lakini kushuka kwa baiskeli ukiwa umelowa hupoza kuliko kusimama, kwa sababu miguu haifanyi kazi na upepo unaongezeka. Pale dukani palikuwa na ukuta na watu. Angengoja ndani. Kuhusu breki, za rimu zikilowa, mizunguko ya kwanza ya gurudumu hufuta maji tu, ndipo raba ianze kushika. Kwa raba iliyoisha, muda huo wa kufuta ndio umbali uliokuwapo kati yake na lori. Anayeshuka mvua ikinyesha aguseguse breki mapema, kabla ya kona, ili rimu zikauke kidogo, na apunguze mwendo barabara ikiwa bado imenyooka. Hata hivyo, kuchagua mtaro badala ya lori na kisha kukataa kuipanda tena baiskeli kulikuwa ni maamuzi mazuri ya mtu aliyekuwa peke yake gizani.

## Kuipanga upya safari hiyo

Kwa mizigo ile na mwezi ule, njia hii ni ya siku mbili: Kyela hadi Tukuyu siku ya kwanza, kuondoka mapema ili sehemu kubwa ya mlima ipandwe kabla joto halijapanda, na Tukuyu hadi Mbeya siku ya pili, Isyonje ikifikiwa kabla ya saa saba mchana. Mwenye siku moja tu apakie baiskeli kwenye gari kutoka Kyela hadi Tukuyu asubuhi, aendeshe kilomita 70 za juu kwa nafasi. Sweta na koti la mvua vikae juu kabisa ya mzigo, raba zibadilishwe Kyela, na namba ya mwenye gari wa Kiwira iandikwe kwenye simu zote kabla ya kuanza kupanda.

Kiongozi hakubaliani nami moja kwa moja. Anashikilia kwamba siku moja inatosha ikiwa wataondoka Kyela saa kumi na moja alfajiri wakiwa na taa. Saa mbili za ziada anazipata kweli, lakini anazipata gizani, kwenye barabara ya malori ya mpakani, na zote zinaishia kwenye akiba ambayo pancha mbili zinaweza kuimaliza. Mwalimu na Seremala wameshasema kwamba watakaporudi Matema, watalala Tukuyu kwenda na kurudi, na Mgeni ameomba kuwamo.